SOMO: PANGA SIKU YAKO KABLA FOLENI HAIJAKUPANGIA



Watu wa nje husema kwamba mkimbizi hana kazi, anakaa tu. Wewe unajua si kweli. Kuna maji ya kuteka, kuni za kutafuta, chakula cha kupokea, mtoto wa kupeleka kliniki, kibarua cha kutafuta, na mgonjwa wa kuangalia. Zaidi ya hayo, saa nyingi za siku yako zinapangwa na mtu mwingine: ofisi, shirika, muuguzi, dereva wa gari. Ukikosa saa yake, yeye hapati hasara. Hasara ni yako.

Somo hili ni la wote wanaoishi huku Kasese na Bwera, hasa waliovuka mpaka pale Mpondwe wakitoka Kongo. Lisome pamoja na watu wa nyumba yako. Asiyejua kusoma asomewe.

1. KWANZA, JUA NI SAA NGAPI

Jambo hili laonekana dogo, lakini limewakosesha watu wengi nafasi yao. Saa ya Uganda iko mbele ya saa ya Kasindi kwa saa moja. Bwera ikiwa saa mbili asubuhi, ng'ambo ya mto Lhubiriha bado ni saa moja. Mtu ambaye hajageuza saa yake tangu avuke atafika ofisini saa nzima baada ya kuitwa jina lake.

Wenye simu, jihadharini. Hapa mpakani simu huweza kushika mtandao wa Kongo, na nyingine hubadili saa zenyewe bila kukuuliza. Kabla ya kwenda kwenye miadi, linganisha saa yako na ya mtu wa ofisini au ya redio ya Uganda.

Tena kuna tatizo la lugha. Tangazo likiandikwa 8:00, hiyo ni saa mbili asubuhi. Likiandikwa 14:00, ni saa nane mchana. Kwa saa za mchana, toa sita, utapata saa ya Kiswahili. Lakini wengine waliozoea kuhesabu kwa Kifaransa husema "saa nane ya asubuhi" wakiwa na maana ya 8:00. Kwa hiyo usiondoke na neno "saa nane" peke yake. Uliza: "Ni asubuhi au ni mchana? Ni saa ya Uganda?" Kuuliza si aibu. Kama Kiingereza kinakushinda, tafuta jirani. Wanande wengi husikilizana na Wakonzo wa hapa bila shida.

Je, kama huna saa wala simu? Mstari wa Ikweta unapita katika wilaya hii ya Kasese. Karibu na Kikorongo kuna alama yake kando ya barabara. Kwa sababu hiyo mchana wetu haurefuki wala haufupiki. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Kivuli chako kikiwa kifupi kabisa, ni karibu saa saba mchana kwa saa ya Uganda. Hii haitoshi kwa miadi ya dakika, lakini yatosha kujua kama umechelewa.

2. TENGANISHA SAA ZA WENGINE NA SAA ZAKO

Kazi za nyumba yako ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile yenye siku na saa iliyowekwa na mwingine: ugawaji wa chakula, uandikishaji, kliniki ya watoto, gari la kwenda makazini. Ya pili ni ile unayoweza kuisogeza: kufua, kutafuta kuni, kupalilia, kutembelea ndugu. Makosa mengi huanza pale tunapochanganya hizi mbili. Mtu anakwenda kufua asubuhi ya ugawaji, halafu anakimbia na nguo mbichi mkononi. Mshika mbili, moja humponyoka.

Kwa hiyo weka kwanza yale yasiyosogezeka. Mengine yajaze nafasi zilizobaki.

Kati ya yasiyosogezeka, liko moja la kila mgeni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba anayetaka hifadhi aombe ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Wako wanaofikia kwa ndugu mjini, wakasema "tutakwenda wiki ijayo". Wiki nne hupita upesi. Andika tarehe uliyovuka, na nenda mapema kwa maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wanaoshughulikia wakimbizi. Kama siku hizo zimekwisha kupita, usijifiche. Nenda ueleze sababu.

3. TENGENEZA KALENDA YA NYUMBA

Huhitaji kununua kalenda. Chukua kipande cha katoni na kipande cha makaa. Piga mistari upate vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Kitundike ndani, mahali ambapo mvua haifiki. Kwa asiyejua kusoma, chora picha: gunia kwa siku ya chakula, sindano kwa siku ya chanjo, kikapu kwa siku ya soko.

Haya ndiyo ya kuandika:

– Siku ya ugawaji, na nani atakwenda na kadi.

– Siku za soko. Soko kubwa la Mpondwe huwa Jumanne na Ijumaa. Siku hizo maelfu ya watu huvuka mpaka, na magari hujaa. Kama huna cha kuuza wala kununua, usipange safari ya kwenda Kasese siku hizo. Njia ni zaidi ya kilomita 50, na utapoteza asubuhi yote ukingoja nafasi.

– Chanjo za mtoto. Ratiba ya Uganda huanza siku ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua katika mwezi wa 9. Ziko na nyingine, ambazo muuguzi ataandika kwenye kadi. Hesabu wiki hizo mara mtoto anapozaliwa, uziandike zote siku hiyo hiyo. Kama umepitwa na tarehe, nenda hata hivyo.

– Shule. Kongo mwaka wa shule huanza Septemba. Uganda mwaka huanza karibu na Februari na una mihula mitatu. Mtoto anayefika Oktoba atakuta muhula wa mwisho, wenzake wakijitayarisha kwa mitihani. Usimweke nyumbani mpaka mwaka mpya. Nenda ukamwone mwalimu mkuu sasa, mtoto aanze kuizoea lugha.

4. KAZI ISIANGUKE JUU YA MGONGO MMOJA

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita: baba, mama, bibi, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10, na mtoto mchanga. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hutumia ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu sita ni lita 90, yaani karibu jerikeni tano za lita 20. Nani anazibeba?

Katika nyumba nyingi jibu ni binti. Anateka maji, anaokota kuni, anabeba mtoto, halafu twashangaa kwa nini anafika shule saa nne au haendi kabisa. Kupanga muda maana yake ni kumwangalia huyu pia. Nyumba ile ingeweza kufanya hivi:

Saa moja asubuhi: Jua likichomoza, baba anakwenda bombani na jerikeni mbili. Mama anawasha moto. Watoto wanajitayarisha kwa shule.

Saa tatu mpaka saa saba: Mama yuko kliniki au shambani. Baba anatafuta kibarua, au anasimama kwenye foleni ya ofisi. Bibi anabaki na mtoto mchanga na kuchambua maharagwe.

Saa kumi: Watoto wamerudi. Binti na mvulana wanateka maji pamoja, jerikeni ndogo ndogo, na baba analeta zilizobaki.

Saa kumi na moja na nusu: Kazi zote za nje zimekwisha.

Saa mbili usiku: Maharagwe ya kesho yanalowekwa. Watu wote wanatazama kalenda: kesho kuna nini?

Angalia mambo mawili. Baba anashika jerikeni, na hakuna aliyemcheka akafa. Tena maji na kuni vimekwisha kabla ya giza. Usimtume msichana kuni au bombani usiku. Kwenda kuni ni kwa kundi, tena mchana.

Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu. Umeokoa kuni, na aliyekwenda kuzitafuta amepata saa yake.

5. FOLENI NDEFU SI KOSA LAKO PEKE YAKO

Somo hili halisemi kwamba kila anayechelewa ni mvivu. Kiwango cha mashirika ni kwamba mtu asisubiri maji zaidi ya dakika 30. Kama bombani kwenu watu hungoja saa mbili kila siku, hilo si jambo la kupangiwa kalenda. Ni jambo la kupelekwa kwenye kamati ya maji. Hesabuni kwa siku tatu: mlifika saa ngapi, mlijaza saa ngapi. Mwandike. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyatupa kuliko kelele.

Majirani pia waweza kusaidiana. Nyumba nne zikipeana zamu, mtu mmoja aangalie watoto wa wote siku ya kliniki, mwingine aende sokoni kwa niaba ya wote. Lakini kadi ya chakula usimpe mtu usiyemwamini, na uliza kwanza kama sheria ya ugawaji inaruhusu mwingine apokee badala yako.

6. DAWA NAYO INA SAA YAKE

Dawa ya malaria inayotolewa sana, ile yenye majina artemetha na lumefantrini, hunywewa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili huja baada ya muda wa saa 8 tangu ile ya kwanza, halafu asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu, pamoja na chakula au maziwa. Mtoto akianza saa nne asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Wengi huacha siku ya pili, homa ikishuka. Ugonjwa hurudi. Chora vyumba sita ukutani, na kila dozi ikinywewa, weka alama. Fuata daima maneno ya muuguzi aliyempima mgonjwa.

7. KARATASI ZOTE MAHALI PAMOJA

Saa nyingi hupotea kwa kutafuta karatasi. Kadi ya chakula, karatasi za uandikishaji, kadi za chanjo, vyeti vya shule: viweke vyote katika mfuko mmoja wa nailoni, ufunge vizuri, uutundike juu. Kila mkubwa wa nyumba aujue ulipo. Andika namba za kadi katika daftari jingine pia.

Hili si la usafi tu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuingia Kilembe na Kasese. Mei 2020 ulifurika tena, pamoja na mito mingine inayoshuka kutoka Rwenzori. Katika saa kama hiyo huna muda wa kupekua. Unashika watoto na mfuko mmoja, unapanda juu.

8. KUMBUKA

– Geuza saa yako iwe ya Uganda.

– Yasiyosogezeka yaandikwe kwanza.

– Kazi za nje ziishe kabla ya giza.

– Kila usiku, dakika tano za kutazama kesho.

– Acha nafasi. Siku iliyojazwa yote huvunjika mtoto akiugua. Na mtu aliyepita katika vita anahitaji saa ya kukaa na wenzake, kusali au kupumzika. Saa hiyo pia iwekwe kwenye kalenda.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Wiki iliyopita tulikosa jambo gani kwa sababu ya saa au tarehe? Lingewezaje kuzuiwa?

2. Katika nyumba yetu, nani analala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Ni kazi gani moja anayoweza kupunguziwa kuanzia kesho?

3. Ni tarehe gani ya mwezi huu ambayo hatuwezi kuisogeza? Imeandikwa?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii.