Kiporo cha Siku ya Maandalio

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:19–30, 2 Wafalme 4:38–41, Danieli 1:8–16, Luka 23:54–56.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Ijumaa jua likielekea kuzama, familia ya Kiadventista huko Maretadu, wilayani Mbulu, huwa na kazi mekoni. Sufuria moja ina makande au maharage. Nyingine ina supu ya mboga: majani ya maboga, mchicha, karoti, nyanya na kitunguu. Kesho ibada ikiisha watu watakula. Wengine wataipasha moto. Wengine wataila ikiwa baridi, wakikumbuka Kutoka 35:3. Ndipo darasani huulizwa: supu iliyolala ikapoa, bado ina chakula ndani yake?

Mana haikuoza

Soma Kutoka 16:19–24. Mana ya siku ya sita ilikuwa na tofauti gani na ile iliyolazwa siku nyingine?

Waisraeli waliambiwa waoke na kutokosa siku ya sita, na kilichosalia wakiweke hadi asubuhi. Siku nyingine mana iliyolazwa iliingia mabuu na kunuka, lakini ya Sabato ilibaki salama. Mungu aliilinda mwenyewe. Ahadi hiyo ilihusu mana. Hakuna fungu linalosema maharage ya Ijumaa yatalindwa vivyo hivyo, na anayeiacha sufuria kwenye jiko lenye joto usiku kucha, kisha akaiombea asubuhi, anamjaribu Bwana.

Kuhusu kupasha moto, Ellen G. White aliandika mwaka 1905, katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kwamba kupika siku ya Sabato kuepukwe, lakini si lazima kula chakula baridi. Wakati wa baridi, kilichopikwa jana kipashwe moto. Wakazi wa nyanda za juu za Mbulu, wanaoujua ubaridi wa Juni na Julai, hawahitaji kufafanuliwa shauri hilo. Anayechagua kula baridi asihukumiwe, wala yeye asimhukumu jirani.

Kilichobaki ndani ya sufuria

Ubaridi wenyewe hauondoi virutubisho. Madini ya chuma, kalisi na potasiamu hayaharibiwi na moto wala kupoa. Nyuzinyuzi hubaki. Rangi ya njano ya karoti na ya majani ya maboga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huvumilia mapishi vizuri, ila haifyonzwi vyema bila mafuta. Kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa kina kazi hapo, si utamu tu.

Kinachopotea ni vitamini C, na kwa sehemu foleti. Hizi huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto na hewa. Mboga iliyochemshwa inaweza kupoteza nusu ya vitamini C yake au zaidi. Ikilala na kupashwa tena, nyingine hupungua. Lakini supu ina faida moja: sehemu iliyotoka kwenye majani imo katika maji yale yale yanayonywewa. Mpishi anayechemsha mboga na kuyamwaga maji ndiye aliyepoteza zaidi, hata akiila ya moto.

Huko Andalusia, Hispania, watu hunywa supu baridi iitwayo gazpacho: nyanya, tango na pilipili hoho zilizosagwa mbichi pamoja na mkate, mafuta ya zeituni na siki. Kwa kuwa haipikwi, vitamini C haipunguzwi na moto. Maretadu haihitaji kuiga chakula hicho. Inatosha kuiga hoja yake. Nyanya mbichi iliyooshwa vizuri na kukatwa mezani, ndimu iliyokamuliwa juu ya supu, pera, chungwa, au ubuyu wa Bonde la Yaeda hurudisha Sabato mchana kilichopotea Ijumaa jioni, na hakuna moto uliowashwa. Tena vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mboga na maharage, ambacho peke yake hufyonzwa kidogo.

Magadi nayo yatajwe. Nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, maharage yanachelewa kuiva, na mpishi hushawishika kuongeza magadi. Yanalainisha kweli, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1. Kuloweka maharage tangu Alhamisi usiku ni njia bora, na kuni hupungua.

Kijiko cha mtoto

Soma Danieli 1:12. Danieli aliomba chakula gani?

Wengi hudhani vijana wale walikula majani tu. Neno la Kiebrania lililotumika pale linatokana na mbegu: vitu vilivyopandwa, nafaka na jamii ya kunde zikiwemo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeandika mtama. Kwa hiyo asitumie mtu jaribio la siku kumi kutetea bakuli la maji ya mboga.

Supu nyepesi ya mboga ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ina nguvu kidogo, protini kidogo, na vitamini B12 haimo kabisa. Mtu mzima atakula makande pembeni. Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye tumbo lake hujazwa na kikombe kimoja, akinyweshwa supu hushiba maji. Utafiti wa kimataifa wa MAL-ED ulioanza mwaka 2009 katika nchi nane, Haydom wilayani Mbulu ikiwa kituo cha Tanzania, ulikuta udumavu mwingi sana kwa watoto wa huko. Sababu zake ni nyingi, maradhi ya tumbo yakiwemo. Lakini chakula chepesi hakimsaidii mtoto huyo. Apondewe maharage, mboga na karanga mpaka uzito ukae kwenye kijiko bila kumwagika, na maziwa au yai lisikosekane pale linapopatikana.

Mauti ndani ya chungu

Soma 2 Wafalme 4:38–41. Aliyechuma matango-mwitu alikuwa na nia mbaya?

Hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Vivyo hivyo na kiporo. Baadhi ya bakteria huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemka, nazo huamka chakula kinapopoa polepole, hasa maharage, wali na supu nzito. Nyingine huacha sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Nyumba isiyo na jokofu ifanyeje? Ipike kwa kuchelewa, lakini imalize kabla ya jua kuzama. Supu iingie ikichemka ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Sabato ichemke kabisa kabla ya kuliwa. Ya chupa ikikutwa vuguvugu, au yoyote ikinuka au kutoa povu, imwagwe. Nyumba isiyo na jokofu na isiyopenda kuwasha moto Sabato ile matunda, karanga na mkate, na supu iiache kwa siku nyingine.

Maswali ya kujadili

1. Wanawake wa Luka 23:54–56 walitayarisha nini, na walisimama wapi? Katika nyumba yako, maandalio huanza siku gani?

2. Nani hubeba kazi ya Ijumaa jioni nyumbani kwako? Baba na vijana wa kiume wanaweza kuchukua sehemu gani?

3. Darasa lenu likila pamoja Sabato ijayo, nani ataleta ndimu na mapera, na chakula cha watoto wadogo kitatengwa na nani?