Istilahi za Isimu katika Uchunguzi wa Kiingereza: Fonimu, Alofoni na Mofimu

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi tatu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri tangu mwaka wa kwanza, lakini hutatizika anapotakiwa kuzitumia kuchunguza lugha ya Kiingereza. Tatizo halitokani na uhaba wa msamiati. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikwisha kutupatia istilahi nyingi za kuijadilia lugha yoyote. Tatizo ni kwamba istilahi hukaririwa pamoja na mifano ya Kiswahili pekee, hata mwanafunzi akachukulia tabia za Kiswahili kuwa ndizo maana ya istilahi yenyewe.

Fonimu ni kipashio kidogo kabisa cha sauti chenye uwezo wa kutofautisha maana za maneno katika lugha mahsusi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo hupuuzwa. Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili yanakaribiana mno na matamshi, mwanafunzi hudhani herufi na fonimu ni kitu kimoja, kisha akaandika katika mtihani kwamba Kiingereza kina irabu tano. La hasha. Kiingereza kina herufi tano za irabu. Fonimu zake za irabu, katika matamshi sanifu ya Uingereza, kwa kawaida huhesabiwa kuwa 20, nane kati yake zikiwa irabu unganifu. Maneno ‘ship’ na ‘sheep’ yanatofautiana kwa irabu tu, hivyo ni jozi ya mlinganuo finyu, ingawa wengi wetu huyatamka sawasawa. Kwa upande mwingine, Kiingereza huandika ‘th’ katika ‘thin’ na ‘this’ bila kujali kwamba sauti ya kwanza si ghuna na ya pili ni ghuna. Sisi hutenganisha: ‘thamani’, ‘dhamana’. Katika hili othografia yetu ni makini zaidi.

Alofoni ndiyo istilahi inayowatatiza wengi. Weka kiganja mbele ya mdomo utamke ‘pin’, kisha ‘spin’, kama atamkavyo Mwingereza. Katika neno la kwanza pumzi hupiga kiganja; katika la pili karibu haisikiki. Hizi ni foni mbili, lakini huwezi kupata maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kimaana kwa sababu ya mpumuo huo peke yake. Foni moja hutokea mwanzoni mwa silabi yenye mkazo, nyingine baada ya /s/. Kwa hiyo ni alofoni za fonimu moja, /p/.

Sasa twende Mombasa. Katika Kimvita, ‘paa’ isiyo na mpumuo ni sehemu ya nyumba; yenye mpumuo ni mnyama wa porini. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tukio lilelile la kifonetiki hutenganisha maana katika Kimvita na halitenganishi katika Kiingereza. Hapo ndipo inapodhihirika kuwa fonimu si sauti inayopimika kwa sikio tu, bali ni nafasi ya sauti ndani ya mfumo wa lugha moja. Mzungumzaji wa Kimvita, basi, husikia kwa wepesi tofauti ambayo Mwingereza mwenyewe huenda asiitambue mpaka aonyeshwe. Othografia ya Kiswahili Sanifu haiandiki mpumuo huo, na ndiyo sababu wengi wetu wa bara huupatia habari darasani.

Mofimu, kipashio kidogo kabisa chenye maana au kazi ya kisarufi, haina ugumu huo. Mofimu ya wingi katika Kiingereza hutamkwa /s/ katika ‘cats’, /z/ katika ‘dogs’ na /ɪz/ katika ‘horses’. Hizo ni alomofu, nazo huamuliwa na sauti inayotangulia, kama vile m- ya ‘mtoto’ inavyokuwa mw- katika ‘mwalimu’. Neno ‘sheep’ halibadiliki katika wingi, na wanaisimu husema lina mofimu kapa. Tahadhari moja: umbo moja si lazima liwe mofimu moja. Kiambishi -er cha ‘teacher’ hutaja mtenda, na cha ‘bigger’ hulinganisha, sawa na -ku- ya ‘hakusoma’ na ya ‘anakuona’.

Kuhusu mkazo, inatosha kusema kwamba Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza huutumia hata kubainisha aina za maneno: ‘import’ ni nomino mkazo ukiwa mwanzoni, na ni kitenzi ukiwa mwishoni. Anayeuliza kama Kiswahili kina jozi ya namna hiyo na alitamke neno ‘barabara’ mara mbili, kwanza likiwa njia ya magari, kisha likiwa na maana ya sawasawa.