Kwa Nini Lami Hubonyea Njia ya Magurudumu

Katika njia panda ya Kidahwe, ambako barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika kuelekea Kasulu na Uvinza, malori hupunguza mwendo, hupinda, na pengine husimama. Mahali pa namna hiyo lami hutaabika zaidi, kwani uzito uliotulia huibonyeza kuliko uzito upitao mbio.

Tabia hii huonekana hata jikoni. Donge la unga wa chapati likibonyezwa kwa kidole huinuka tena, lakini halirudi lote. Lami nayo ni vivyo hivyo: gurudumu likipita, sehemu kubwa ya mbonyeo hurudi, na sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho hubaki. Lori moja si kitu. Maelfu ya malori yakikanyaga mstari uleule huacha mfereji, nao hujaa maji ya mvua yanayomtelezesha mwendesha bodaboda.

Maabara hutafuta kujua hayo kabla barabara haijajengwa. Sampuli ya lami na kokoto iliyofinyangwa kama kopo, yenye kipenyo cha milimita 100 na kimo cha milimita 150, hupashwa joto lifanane na la barabara wakati wa jua kali. Mashine huikandamiza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huiachia kwa sehemu tisa zilizobaki, kisha hurudia hata mara 10,000. Mwanzoni sampuli hufupika upesi. Baadaye hufupika polepole kwa muda mrefu. Halafu huanza kwenda kasi tena. Hapo mchanganyiko umeshindwa, na idadi ya mikandamizo iliyoufikisha hapo ndiyo jibu. Mchanganyiko uliotiwa lami kupita kiasi hushindwa mapema, ingawa siku ya uzinduzi hupendeza kwa weusi wake.

Hata mchanganyiko bora una uzito uliokusudiwa. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionesha kuwa madhara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito: ekseli ya tani 12 huumiza barabara mara mbili ya ekseli ya tani 10. Tofauti ni tani mbili tu, yaani magunia 20 ya kilo mia.

Lori lililoharibika livutwe nje ya lami, na dizeli isimwagwe barabarani, kwa kuwa huyeyusha lami. Mfereji ukionekana katika barabara kuu, taarifa ipelekwe TANROADS; katika barabara za vijijini, ipelekwe TARURA.