SOMO LETU: MTO TECHA, MAJI YALIPITA, SUMU IKABAKI



Katika kikundi kimoja mama mmoja aliniuliza, "Sasa kama mto unapita, si uchafu nao unaenda zake baharini?" Swali hilo tulijibu kwa mfano wa mto Techa, huko Urusi.

Techa ni mto mdogo, kilomita 240 hivi, mashariki ya milima ya Ural. Unaingia mto Iset, Iset unaingia Tobol, Tobol unaingia Irtysh, halafu Ob, mpaka bahari ya Aktiki. Kuanzia 1949 mpaka 1956, kiwanda cha siri cha Mayak, kilichotengeneza plutoniamu ya mabomu, kilimwaga humo maji machafu yenye mionzi. Mengi yalimwagwa 1950 na 1951. Wanavijiji hawakuambiwa lolote. Walikunywa, wakafua, wakavua samaki. Mionzi haina rangi wala harufu.

Je, sumu ilifika baharini? Kidogo ilifika. Lakini Techa unapita polepole, una kona nyingi na mabwawa ya matope kule juu. Palipo na maji yaendayo polepole, tope linatulia chini, na sumu iitwayo sisiamu hunata kwenye tope hilo. Theluji ilipoyeyuka mwaka 1951, mto ulifurika ukaacha sumu kwenye malisho. Sumu ya pili, strontiamu, husafiri mbali zaidi. Mwili huidhania ni kalsiamu: inatoka kwenye nyasi, inaingia kwenye maziwa, halafu kwenye mifupa ya mtoto. Zote mbili huchukua karibu miaka 30 kupungua nusu tu.

Baadaye visima vilichimbwa na mto ukazungushiwa waya. Lakini ng'ombe mwenye kiu ataelezwa nini kuhusu waya?

Watu wa Metlino, kilomita 7 tu kutoka kiwandani, walihamishwa miaka ile ya 1950. Wale wa Muslyumovo, Watatari na Wabashkiri, walio kilomita 78 hivi, waliachwa hapo hapo. Uamuzi wa kuwahamisha ulikuja 2006, na wengi walijengewa nyumba ng'ambo ya mto ule ule, kama kilomita 2. Mimi kusema kweli sijui kama huko ni kuhama.

Maswali ya kikundi:

1. Mto wetu hupunguza mwendo wapi, na ni nani wanachota maji au kulisha mifugo hapo?

2. Mvua ikifurisha mto, tope lake hubaki kwenye mashamba ya nani?