Karata za Briji katika Somo la Hesabu

Mwalimu afundishaye karibu na Kwihara, Tabora, ana mfano mzuri wa kuanzia. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipatana na tajiri kabla ya safari. Kila mmoja aliahidi kubeba mzigo wake, mara nyingi wa frasila 2 hivi. Mchezo wa briji nao huanza kwa mapatano.

Karata 52 hugawiwa watu 4, wawili dhidi ya wawili. Kwanza hunadi. Asemaye “1 kopa” aahidi kwamba yeye na mwenzake watashinda mizunguko 7 kati ya 13, turufu ikiwa kopa. “4 kopa” ni mizunguko 10. Basi watoto na wapime nguvu zao: ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Tuwaulize: karata zote zina alama ngapi? (10 × 4 = 40.)

Mtu akifungua kwa “1 bila turufu”, mwenzake akajibu “2 pau”, kwa wachezaji wengi jibu hilo ni swali: “Je, una kopa 4 au shupaza 4?” Wapinzani wana haki ya kuelezwa maana hiyo. Hapa tusipite haraka: mtoto ajifunze kuahidi awezacho kubeba, wala asifiche maana ya neno lake.