Kamati za Bunge na Ushuru Unaotozwa Gulioni

Mkazi anayefuatilia Bunge kwa redio amekwisha kuzoea kipindi cha maswali. Mbunge husimama na swali lake la msingi, waziri hujibu, hufuata maswali mawili ya nyongeza, kisha Spika humwita mwingine. Siku ya Alhamisi huwa zamu ya Waziri Mkuu. Utaratibu huo una manufaa yake, hasa kwa mbunge anayetaka ahadi ya barabara iingie katika kumbukumbu rasmi, lakini ni mfupi mno kumbana mtu aliyekuja na jibu lililokwisha kuandikwa. Kubana hasa hufanyika katika vyumba vya kamati jijini Dodoma, mara nyingi kabla ya mkutano wenyewe wa Bunge kuanza.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na Ibara ya 96 inaliruhusu kuunda kamati za kulisaidia. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, inaziongezea kamati meno: zinaweza kumwita shahidi na kudai nyaraka.

Waziri anapofika mbele ya kamati ya sekta yake huja na Katibu Mkuu na wataalamu wa wizara, nao huweza kutakiwa kueleza. Hapa hakuna kikomo cha maswali mawili. Mjumbe asiyeridhika hurudia swali kwa namna nyingine, mwenzake hulichukua kutoka pale alipoishia, na jibu lisilo na takwimu hurudishwa likatafutiwe takwimu. Wakati wa bajeti kamati huweka kando kwa kando fedha zilizoidhinishwa mwaka uliotangulia na zile zilizopokelewa kweli. Zahanati iliyotengewa fedha kwenye kitabu huku mafundi hawajaonekana hujulikana hapo.

Zinapojadiliwa hesabu za halmashauri, anayekaa kitini si waziri. Ni Mkurugenzi Mtendaji, kwa kuwa yeye ndiye Afisa Masuuli, na wanaomhoji ni wajumbe wa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa wakiwa na taarifa ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali mikononi.

Kazi ya pili ni kuchambua miswada. Muswada ukisomwa mara ya kwanza, Spika huupeleka kwenye kamati inayohusika, nayo huita wadau watoe maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo muswada husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu, na hatimaye hupelekwa kwa Rais apate kuukubali. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote unaonyesha uzito wa hatua ya kamati. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, lakini haukupitishwa hadi Novemba 2023. Swali gumu lilikuwa la mfukoni: nani atawalipia wasio na uwezo, na kwa fedha zipi? Mwaka mzima na zaidi ulipita. Wako waliouita ucheleweshaji. Hata hivyo, bima isiyo na chanzo cha fedha ingemwacha maskini na kadi tupu mkononi.

Kwa mkazi wa kata, hata hivyo, kamati iliyo karibu naye zaidi ni ile ambayo haitajwi sana: Kamati ya Sheria Ndogo. Ushuru wa gulio, ada ya machinjio na faini ya mifugo inayozurura havitungwi Dodoma. Hutungwa na baraza la madiwani chini ya sheria mama, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kisha huwasilishwa Bungeni, na kamati huzipima: je, zinapatana na Katiba? Zinapatana na sheria mama? Jedwali la viwango linalingana na vifungu? Dosari zikionekana, kamati huliarifu Bunge na kutaka marekebisho. Bunge lina uwezo hata wa kuazimia kuitengua sheria ndogo.

Chukua ushuru wa mazao. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilishusha kiwango, kikawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, kutoka kiwango kilichoweza kufika asilimia 5. Sheria ndogo ambayo ingeendelea kudai asilimia 5 baada ya hapo ingekuwa batili kwa kiasi inachokinzana na sheria mama, hata kama ina mhuri na sahihi zote.

Ugumu uko kwenye mpangilio wa wakati. Muswada hupimwa na kamati kabla haujawa sheria. Sheria ndogo hufika kwa kamati ikiwa imekwisha kutangazwa, na huenda mkusanyaji ushuru amekwisha kuanza kukata risiti. Mama muuza ndizi anaweza kulipa msimu mzima kabla wajumbe hawajafungua jedwali lenye kosa.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya mkazi huja mapema zaidi, na huja nyumbani. Kabla ya kutunga sheria ndogo, halmashauri hutakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake ili mwenye pingamizi alitoe. Tangazo la namna hiyo huweza kubandikwa ubaoni na kupitwa na watu wengi, kwa kuwa linafanana na matangazo mengine. Pingamizi lenye nguvu ni lile lililoandikwa, linalotaja kifungu na kiwango kinacholalamikiwa, na kueleza mzigo kwa hesabu: gunia moja linauzwa kwa bei gani, usafiri unachukua kiasi gani, ushuru unabakisha nini. Nakala moja hubaki kwa Mtendaji wa Kata ikiwa na tarehe ya kupokelewa, nyingine hupewa diwani, na ya tatu mbunge, ambaye ni mjumbe wa baraza la madiwani na pia anaweza kuifikisha mbele ya kamati.