KIWAMBO CHA KOMPYUTA: NUKTA NGAPI ZATOSHA?

Miongoni mwa vijana wapendao michezo ya kompyuta imeenea imani kwamba kiwambo chenye nukta nyingi zaidi ndicho bora zaidi. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wenye mipaka miwili: mpaka wa jicho na mpaka wa kompyuta yenyewe. Mnunuzi mwenye fedha chache asiyeifahamu mipaka hiyo huweza kulipia nukta asizoweza kuziona, tena ambazo kompyuta yake haiwezi kuzichora kwa wakati. Hisabati ya shule ya sekondari yatosha kumwepusha na hasara hiyo.

Ukubwa wa nukta

Picha ya kiwambo hujengwa kwa nukta ndogo mno za mwanga ziitwazo pikseli. Kwa kawaida kila nukta ina sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu, na rangi nyinginezo hupatikana kwa kuchanganya mwanga wa hizo tatu.

Ukubwa wa kiwambo hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kwa hiyo upana wa nukta hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Ichukuliwe mfano wa kiwambo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Mraba wa 1920 ukijumlishwa na mraba wa 1080, kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni takriban 2203. Inchi 24 ni milimita 609.6. Zikigawanywa kwa 2203, kila nukta hupata milimita 0.277.

Mpaka wa jicho

Jicho la kawaida huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Tanjenti ya pembe hiyo ni takriban 0.00029. Mchezaji aketiye sentimita 60 kutoka kwenye kiwambo huweza kutenganisha nukta za upana wa milimita 0.17 hivi. Zikiwa ndogo zaidi ya hapo, huungana machoni pake. Jedwali lifuatalo laonyesha umbali ambao nukta za viwambo vitatu huanza kuungana.

Inchi 24, nukta 1920 kwa 1080: milimita 0.277, sentimita 95.
Inchi 27, nukta 2560 kwa 1440: milimita 0.233, sentimita 80.
Inchi 27, nukta 3840 kwa 2160: milimita 0.156, sentimita 54.

Hivyo kwa aketiye sentimita 60, sehemu ya nukta za kiwambo cha tatu, kile wauzaji wakiitacho 4K, hupotea bila faida. Kinyume chake, kiwambo cha inchi 27 chenye nukta 1920 kwa 1080 tu huwa na nukta za milimita 0.31, na picha yake huonekana ya mikwaruzo. Kuongeza ukubwa bila kuongeza nukta si maendeleo.

Mpaka wa kompyuta

Kiwambo cha kwanza kina nukta 2,073,600. Cha pili 3,686,400. Cha tatu 8,294,400, yaani mara nne ya cha kwanza. Katika mchezo, kadi ya michoro hulazimika kuzikokotoa upya kwa kila picha. Ikiwa kazi yake hulingana na idadi ya nukta, kadi ichorayo picha 80 kwa sekunde katika kiwambo cha kwanza itachora takriban 45 katika cha pili na 20 tu katika cha tatu. Picha 20 kwa sekunde huonekana zikirukaruka.

Kasi ya kiwambo nayo hupimwa kwa hezi. Kiwambo cha hezi 60 hubadili picha kila milisekunde 16.7, cha hezi 144, kila milisekunde 6.9. Lakini kadi ichorayo picha 45 haiwezi kuinufaisha kasi ya hezi 144.

Namna ya kuchagua

Mnunuzi na aanze kwa kupima uwezo wa kompyuta aliyonayo, kisha umbali wa kiti chake, ndipo atazame bei. Anunuaye kiwambo kilichokwisha kutumika aonyeshwe kikiwaka kwa rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine, ili nukta zilizokufa zijitokeze. Achunguze pia tundu la waya: HDMI 1.4 hupitisha picha za 4K 30 tu kwa sekunde, ilhali HDMI 2.0, iliyotolewa mwaka 2013, hupitisha 60.

Maswali

1. Tafuta upana wa nukta wa kiwambo cha inchi 32 chenye nukta 2560 kwa 1440. Linganisha na kiwambo cha kwanza katika jedwali. Jibu lafundisha nini?

2. Kompyuta huchora picha 100 kwa sekunde katika nukta 1920 kwa 1080. Kadiria idadi ya picha itakazochora katika 3840 kwa 2160. Je, mwenye kompyuta hiyo ashauriwe kununua kiwambo gani, na kwa nini?